Kupima Mtoto si Kumpiga Muhuri



Tumekaa na wazazi wa vijiji vyetu chini ya Mlima Meru, tukawauliza: shule yenu inaendeleaje? Wakajibu: madarasa mawili mapya, madawati yamefika, choo kinajengwa. Vema sana. Tukauliza tena: watoto wangapi wa Darasa la Pili wanajua kwamba 74 ni kubwa kuliko 47, na wanaweza kueleza kwa nini? Kimya. Nasi viongozi tukanyamaza, maana hatukujua. Aibu hiyo ni yetu sote. Chama kinachohesabu madawati bila kuwahesabu watoto wanaojua hesabu, kinahesabu mbao tu!

Jambo hili si geni. Tangu mwaka 2010 vijana wa kujitolea wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapa watoto hesabu za Darasa la Pili. Wengi wa Darasa la Tatu wakashindwa. Mwaka 2013 watoto wa Darasa la Pili walipimwa shuleni mmoja mmoja, kwa mdomo: namba ipi kubwa, namba gani imekosekana katika mfululizo, jumlisha, toa. Penye kukariri walijitahidi; penye kufikiri wengi walikwama. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ukasimamishwa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Basi ugonjwa unajulikana. Kinachobishaniwa ni dawa.

Wako wanaodhani dawa ni mitihani zaidi, na majina ya watoto kubandikwa ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Twawauliza: mkulima wa kahawa akilipima gunia lake kila siku, kahawa itaongezeka? Mtoto wa miaka saba akiitwa wa 80 kati ya 80, amejifunza nini ila kujidharau? Na mwalimu amejua nini? Hajui kama mtoto hawezi kutoa, au hawezi kusoma swali, au alikuja na njaa.

Mtazameni mtoto anayemsaidia mama yake kuuza ndizi sokoni Tengeru. Mpe sarafu ya shilingi 500 kwa ndizi za shilingi 300, atakurudishia 200 bila kusita. Kesho darasani aandikiwe 500 kutoa 300, anapata sifuri. Je, amesahau usiku? Hapana! Hatukupima hesabu yake, tumepima karatasi. Na mtoto wa Kiarusha anayeonyesha namba kwa vidole vya mkono mmoja kama wazee wake, tunamwambia ashushe mkono. Amekuja na mali, nasi twaitupa mlangoni.

Mwalimu atatujibu: darasa langu lina watoto 80. Nikimpa kila mmoja dakika 15, ni dakika 1,200, yaani saa 20. Nitafundisha lini? Mwalimu huyu hasemi uongo, na anayemwita mvivu hajawahi kushika chaki. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua uzito wake. Lakini shamba halilimwi kwa siku moja. Watoto wanne kwa siku, dakika tano kila mmoja, ni dakika 20. Katika siku 20 za shule wote 80 wamepita. Vifaa ni vizibo vya soda na maharage. Hizi ngapi? Nikiondoa tatu? Umejuaje? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa kuwa jibu lake humwonyesha mwalimu pa kuanzia kesho. Na aliandike katika daftari lake, si ukutani.

Wazee wetu waliujua uzito wa mambo haya. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Watu wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki. Madai kama yale hayasimami kwa kilio peke yake. Utaulizwa: watu wangapi, ng'ombe wangapi, ardhi kiasi gani? Asiyejua hesabu, hata haki yake huhesabiwa na mwingine. Naye Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alituonya tusiutukuze mtihani. Ni aibu kuutukuza kwa watoto wadogo hapa Arusha, palipozaliwa Azimio mwaka huo huo.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, majina ya watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili yasibandikwe kwa alama, wala mtoto asichapwe kwa kukosa hesabu. Pili, kila tawi, toka Kijenge mpaka Usa River na Ngaramtoni, litoe watu wawili waaminifu wa kukaa na darasa dakika zile 20 mwalimu anapowapima wale wanne. Tatu, kila mkutano wa wazazi uanze kwa swali hili: mwezi huu watoto wangapi wamevuka, na waliobaki wanafundishwaje?

Asiyeweza kulijibu asituonyeshe madawati.

Haba na haba hujaza kibaba. Wanne leo, wanne kesho. Uhuru na Kazi!