Salamu kwa Askari Walio Ugenini

Katika desturi ya Waswahili salamu si pambo la mazungumzo bali ni haki ya mtu, na ndiyo maana barua ya kale haikuingia katika haja yoyote kabla ya kumjulia hali mpokeaji, kisha ndipo mwandishi akasema "baada ya salamu". Askari aliyetumwa nje ya nchi huipata haki hiyo kwa jamaa zake peke yao, ilhali taifa lililomtuma mara nyingi humkumbuka hadharani siku jeneza linaporudi limefunikwa bendera. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Brigedi ya Kuingilia Kati, yaani kikosi chenye ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo, na wanajeshi wa Tanzania wakaingia humo pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Lakini Watanzania wengi walilisikia jina la Semuliki, kambi iliyokuwa Kivu Kaskazini, baada tu ya shambulio la tarehe 7 Desemba 2017 lililowaua vijana wao. Ni aibu kwa wananchi kuonyeshwa na msiba mahali walipo askari wao.

Yafaa basi shule, vikundi vya kina mama, misikiti na makanisa vishike kazi ya kutengeneza kadi za salamu kwa mikono na kuwapelekea askari hao. Atakayesema kwamba simu imeimaliza haja hiyo hajatazama simu ni ya nani: ni ya mke, mzazi na ndugu, wenye namba ya askari, na haifai kabisa namba hiyo isambae. Mwananchi asiyemjua askari kwa jina, na wa namna hiyo ndio wengi, hana njia ya simu. Njia yake ni kadi.

Uzito wa salamu za nyumbani ulionekana zamani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza lililojulikana kama KAR, ilipigana katika bonde la Kabaw huko Burma, na wengi wa askari hao hawakujua kusoma, hata ikawa neno la nyumbani laandikwa na mtu mwingine, lapitishwa kwa mkaguzi wa jeshi, kisha lasomwa na mtu mwingine tena. Picha ya mnazi au ya nyumba ya makuti, iliyochorwa na mkono wa mtoto, ingalimfikia mwenyewe bila mkalimani.

Vifaa havina gharama kubwa: karatasi ya manila, gundi, vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani, na maganda makavu ya mgomba, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wamezoea kuyakata na kuyabandika yakawa picha. Hata hivyo uzuri una mipaka yake. Unga unaometameta usitiwe, kwa kuwa chembe zake hunata kwenye sare na kurudisha mwanga, jambo la hatari kwa mtu anayefanya doria usiku; baadhi ya vyama vya Wamarekani vinavyokusanya kadi za namna hii huukataza kwa sababu hiyo. Anwani ya mtengenezaji isiandikwe, wala kambi ya askari isitajwe. Kadi zikabidhiwe jeshi lenyewe lizikague, maana mwaka 2001, baada ya barua zenye vijidudu vya kimeta kuua watu nchini Marekani, wizara ya ulinzi ya huko ililazimika kusitisha barua zilizoandikiwa "askari yeyote" bila jina.

Maneno ya ndani yawe machache na ya kweli. Mtoto asimuulize askari ameua wangapi, wala mtu mzima asimhubirie siasa au kumkumbusha kifo anachokiona kila siku. Amweleze kwamba mvua zimeanza, maembe yameiva, timu ya mtaa imeshinda, kwa kuwa aliye mbali hukosa zaidi mambo madogo ambayo hakuna anayeona haja ya kumpigia simu kumweleza.

Nusu ya kadi hizo ziachwe tupu ndani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji walitarizi maua na bendera kwenye vipande vya hariri, vikabandikwa kwenye kadi, na askari wa Uingereza wakazinunua kuwapelekea mama na wachumba wao, kwani askari naye hutamani kutuma, wala kambini hakuna duka la kadi nzuri. Basi kila kadi tupu ifungwe pamoja na bahasha yake, ili baba aliyeko Kivu aandike humo kwa mkono wake salamu za Idi au za Krismasi, na mwanawe aliyeachwa akiwa hajaanza shule aipokee akiwa tayari anajua kusoma.