Ufunguo Mkuu Usikae Mkononi Kutwa

Miongoni mwa mazoea tunayoyaona katika vyumba vya kompyuta, moja latutia wasiwasi. Mwalimu-mwanafunzi akikataliwa kubadili faili fulani, hukimbilia kuiendesha programu nzima, pamoja na madirisha yake yote, kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Kikwazo huondoka, na somo nalo hupotea.

Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, na hata katika Linux iliyozaliwa mwaka 1991, msimamizi huyo huitwa root. Takribani hakuna faili analozuiliwa, na programu anayoiendesha hurithi mamlaka yake. Nayo programu ya madirisha si chombo kidogo: ndani yake mna sehemu nyingi za kuchora herufi, kufungua picha na kupokea maagizo ya kipanya. Kosa katika mojawapo, au kidole kuteleza tu, laweza kuuharibu mfumo mzima. Ndiyo maana Ubuntu, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2004, huifunga akaunti ya root, na mtumiaji huomba mamlaka kwa amri ya sudo, kwa kazi moja aliyoikusudia.

Wako watakaosema: mtoto akililia wembe, mpe. Tungekubali lau wembe huo ungemkata yeye peke yake. Lakini kompyuta ya shule ni ya wote.

Je, tufundisheje? Tusianze kwa makatazo. Katika kompyuta ya mazoezi, mwanafunzi mmoja aingie kwa jina lake. Mwalimu aandike mwenyewe neno la siri, afungue kihariri cha maandishi kwa mamlaka ya root, kisha ahifadhi faili jipya katika folda ya mwanafunzi huyo. Kihariri kifungwe, kifunguliwe tena kwa njia ya kawaida, na mwanafunzi ajaribu kulibadili faili lile. Kwa kawaida ataweza kulisoma, lakini atakataliwa kulibadili. Darasa liulizwe: kwa nini mtu anyimwe kilichomo nyumbani mwake? Watagundua wenyewe kwamba faili ni mali ya aliyeliunda. Hapo mwalimu alirudishe kwa mwenyewe kwa amri ya chown.

Ufunguo wa stoo huchukuliwa chaki inapohitajika, kisha hurudishwa. Mwalimu asiyeurudisha hawezi kuwafunza watoto kuurudisha.