Kipimo kikionyesha sifuri: Mbegu za kiume hutolewaje kwa upasuaji?

Ndoa inapokaa miaka bila mtoto, mara nyingi wa kwanza kupelekwa hospitali, au kwa mganga, ni mke. Mume hupimwa mwisho, na wengine hawapimwi kabisa. Lakini ugumba hauchagui jinsia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana nao maishani.

Wapo wanaume, takriban 1 kati ya 100, ambao shahawa zao hazina mbegu hata moja. Mwanamume wa namna hii anaweza kuwa na nguvu zake zote, ndiyo maana hajishuku. Je, anaweza kupata mtoto wa damu yake? Wengine wanaweza.

Daktari huanza kwa kutafuta chanzo. Ikiwa mbegu zinatengenezwa lakini njia imeziba, labda kwa maambukizi ya zamani au kufunga uzazi, kazi huwa nyepesi: mgonjwa hupigwa ganzi, kisha mbegu huvutwa kwa sindano kutoka kwenye korodani. Ikiwa korodani zenyewe ndizo zenye hitilafu, daktari huzipasua na kutumia darubini kutafuta sehemu chache ambazo bado zinatoa mbegu. Kwa mbinu hii, iliyoelezwa mwaka 1999, mbegu hupatikana kwa takriban nusu ya wagonjwa.

Hata hivyo, kupata mbegu si kupata mimba. Kila mbegu hudungwa ndani ya yai maabara, utaalamu uliozaa watoto wake wa kwanza mwaka 1992 kupitia watafiti wa Brussels, Ubelgiji. Kwa hiyo mke naye atachomwa sindano za homoni na kutolewa mayai, hata kama yeye hana tatizo lolote.

Afrika Mashariki, huduma hizi ziko zaidi katika kliniki binafsi za miji mikubwa, na wengi hulipa kutoka mfukoni. Kipimo cha shahawa ni nafuu kuliko hayo yote. Kikionyesha sifuri, kirudiwe, kwani baadhi ya wanaume tatizo lao ni homoni na hutibiwa kwa dawa bila kisu.

Tunachosema ni hiki: kabla mke hajaitwa tasa, na kabla kiwanja hakijauzwa, mume naye apimwe.