Badilisha hiyo maunti, hata kama gari imezeeka

Wasee, gari ikitetemeka kwa jam, usiongeze tu sauti ya redio. Mimi nilifanya hivyo miezi mitatu na Vitz ya mzee. Eti gari imezeeka, kwa nini nitumie pesa? Lakini raba ya maunti ikiisha, injini inaruka na kuvuta paipu na ekzosi nayo.

Pima: fungua boneti, vuta breki ya mkono, kanyaga breki, tia D halafu R. Beste aangalie akiwa kando, si mbele! Injini ikiinuka sana, badilisha.

Na usichukue maunti ya mtumba juu ni bei poa. Raba huzeeka hata ikikaa tu. Yangu ilikatika, fundi nikamlipa mara mbili. Mzee bado hajui.