Bata Mzinga Mwitu na Adui Zake

Asili ya bata mzinga afugwaye majumbani ni ndege wa mwituni wa Amerika ya Kaskazini, ambaye hata leo angali akiishi katika misitu ya Marekani. Ni ndege mwenye macho makali na miguu yepesi, wala si rahisi kumkaribia. Hata hivyo, kuna majuma machache katika mwaka ambapo uhai wa kizazi chake chote huwa hatarini.

Jike hutaga mayai kumi hadi kumi na mawili chini ardhini, kisha huyaatamia kwa muda wa siku 28 hivi. Katika siku hizo rakuni, skanki, kunguru na nyoka huyatafuta mayai, ilhali mbweha, koyoti na paka-mwitu humvizia mama mwenyewe. Makinda wakianguliwa, hawawezi kuruka mpaka wafikishe yapata majuma mawili. Hivyo hulala chini, wakifunikwa na mbawa za mama yao. Wengi wao hufa katika kipindi hicho, ama kwa kuliwa, ama kwa mvua na baridi. Wale wanaosalimika huanza kulala juu ya miti, na hapo hatari hupungua, ingawa bundi mkubwa huweza kuwafuata hata huko.

Je, ni wanyama hao waliokaribia kummaliza bata mzinga? La hasha. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni binadamu aliyefyeka misitu na kuwinda bila kipimo, hata kufikia mwanzo wa karne ya 20 ndege huyo alikuwa ametoweka kabisa katika majimbo mengi. Sheria ya mwaka 1937 ilielekeza kodi ya bunduki na risasi katika kazi ya kuhifadhi wanyama. Tangu mwaka 1951, katika jimbo la South Carolina, walianza kunaswa kwa nyavu zirushwazo kwa mizinga midogo, wakahamishiwa mahali walipokuwa wamekwisha. Kabla ya karne kumalizika walikuwa wamefikia mamilioni. Nao rakuni, mbweha na bundi walikuwepo wakati wote huo.

Katika karne hii, hata hivyo, idadi yao imepungua tena katika majimbo ya kusini-mashariki, na makinda wanaokua ni wachache. Baadhi ya wawindaji huwalaumu wanyama walao nyama. Lawama hiyo haikosi msingi: koyoti wameenea hadi mashariki ya nchi, na tangu bei ya ngozi iliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wanaotega rakuni wamepungua. Lakini kuua wanyama hao hakuleti nafuu ya kudumu, kwani wengine huingia upesi kutoka maeneo ya jirani, na kazi hiyo hulazimika kurudiwa kila mwaka. Lenye manufaa ya kudumu zaidi ni kutunza mahali pa kutagia: majani na vichaka vya kumficha jike, pamoja na uwanda wenye wadudu ambamo makinda waweza kula na kujisitiri. Askari hahitaji kuelezwa thamani ya maficho mema.

Familia zifugazo kuku zina fundisho katika habari hii. Mwewe na nguchiro hawatakwisha kwa kurushiwa mawe. Yafaa mama wa nyumbani amweke kuku na vifaranga wake ndani ya tenga katika majuma ya mwanzo, afunge banda kabla ya magharibi, na aache kichaka kifupi karibu na uwanja ili vifaranga wakubwa wapate pa kukimbilia. Adui hujulikana kwa saa na mahali ajapo. Na aliyekwisha kuyajua hayo mawili amekwisha kuokoa nusu ya kuku wake.