Kabla hujakopa ununue kamera ya kupiga picha za maua

Oktoba ikifika, mijakaranda ya Nairobi humwaga maua na kila mtu mjini hugeuka mpiga picha. Kisha unatazama picha yako: ua limekuwa doa la zambarau tu, ilhali mwenzako kule Instagram ameposti ua ambalo hata vinyweleo vyake vinahesabika. Unaamua shida ni kamera. Kidole kinaenda kwenye programu ya mikopo.

Hebu tulia kwanza.

Kinachokusogeza karibu na ua ni lenzi. Ile ya milimita 50 inayopendwa na wanaoanza, ukiikaribisha ua chini ya sentimita 35 au 45 hivi, hukataa katakata kufokasi. Ifunge kwenye kamera ya laki mbili, itakataa vilevile.

Lenzi ya kazi hii ni ya makro, yenye kipimo cha 1:1. Kwenye kamera ya fremu kamili, kitu cha upana wa milimita 36 hujaza picha nzima. Kwenye zile za bei nafuu zenye kihisi kidogo, milimita 23 hivi zinatosha. Yaani hiyo kamera unayoidharau ndiyo inayolijaza ua dogo kwenye picha! Ila chunga muuzaji: kuna lenzi za kuvuta zilizobandikwa jina la makro na zinaishia 1:4. Uliza namba kabla ya kutoa pesa. Na ukipata ya milimita 90 au 100 usiiache, maana unasimama mbali kidogo, kivuli chako hakiangukii ua na nyuki hakimbii. Ya mtumba haina ubaya. Kwa karibu hivyo, mara nyingi utafokasi kwa mkono.

Pesa hakuna? Kuna pete za kurefusha lenzi. Ndani ni tupu, hazina kioo, zinakaa kati ya lenzi na kamera. Ukiipa lenzi ya milimita 50 pete za jumla ya milimita 50, unafika 1:1. Nunua zenye viunganishi vya umeme, la sivyo hutaweza kubadilisha tundu la lenzi nyingi za kisasa.

Wa simu nao, achaneni na ile kamera ya makro ya megapikseli 2. Tumieni kamera kuu na kilenzi cha kubana juu yake.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mkopo unaolitibu. Ukikaribia hivyo, sehemu inayoonekana vizuri huwa milimita chache tu, wakati mwingine hata moja haifiki. Upepo kidogo, picha imekwenda. Weka f/8 au f/11, tumia stendi ya miguu mitatu, nenda Arboretum asubuhi mapema kabla hewa haijachangamka. Beba na rafiki, ashike kadibodi upande upepo unakotokea.