Rufaa si Msamaha

Hakuna mshtakiwa anayechukiwa nchini kama mlanguzi wa dawa za kulevya. Chuki hiyo ina sababu. Kutoka Lamu hadi Mombasa, akina mama wamewazika vijana walioangamizwa na heroini. Basi mfungwa wa kesi kama hiyo anapokata rufaa, akidai kuwa kesi iliendeshwa kwa makosa, wengi husema: na aozee huko huko.

Sisi hatusemi hivyo. Sheria ya mwaka wa 1994 ilimwekea mlanguzi kifungo cha maisha, na juu yake faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya dawa, kutegemea ipi ni kubwa. Palipo na adhabu nzito kiasi hicho, ushahidi nao hauna budi kuwa mzito. Je, mzigo ulionaswa ndio uliofika kwa mkemia wa serikali? Ulipimwa mbele ya mshtakiwa? Mkalimani alikuwapo? Hakimu alipobadilishwa, mshtakiwa alielezwa kwamba anaweza kuomba mashahidi waitwe upya? Haya si maswali ya kumtafutia mhalifu mwanya. Ndiyo njia ya pekee ya kujua kama aliyefungwa ndiye mhalifu.

Wanamageuzi tusisahau tulikotoka. Mnamo 1986, Wakenya walioshtakiwa kwa Mwakenya waliteswa katika Jumba la Nyayo, wakafikishwa mahakamani bila mawakili, wakakiri mashtaka. Na kwa kuwa walikiri, sheria haikuwaruhusu kukata rufaa kuhusu hatia yenyewe, ila kuhusu adhabu tu. Siku hizo nao waliitwa maadui wa taifa, na wengi wakanyamaza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuufunga mlango huo. Kifungu cha 50 kinampa kila aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kesi ya uadilifu haiwezi kupunguzwa. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa mlanguzi".

Wala rufaa si msamaha. Kosa dogo lisilomdhulumu mtu halitengui hukumu, na pale penye kosa kubwa mahakama yaweza kuamuru kesi isikizwe upya. Mwenye hatia ana nafasi ya kupatikana nayo tena, safari hii kwa haki.

Lakini haki iliyo kitabuni haimfikii mfungwa aliye na siku 14 za kukata rufaa, asiye na wakili wala nakala ya mwenendo wa kesi yake. Tunadai apewe nakala hiyo bila kucheleweshwa, na wakili wa kulipwa na Serikali pale ambapo kumkosa kutamdhulumu. Mahakama inayomsikiliza anayechukiwa ndiyo itakayotusikiliza sisi sote zamu yetu ikifika.